Jinsi ya kununua picha ya kubizimu ya vitu vya mezani kwa nyumba ya Mwanza

Mtu akijenga Buswelu, Nyegezi au juu ya miamba ya Isamilo, fedha huishia kwenye bati, vigae na madirisha, na ukuta wa sebule hubaki mtupu miaka. Baadaye hujazwa na saa ya plastiki, kalenda ya benki au bango la maua lililochapishwa kiwandani. Mwongozo huu ni kwa anayetaka picha iliyochorwa kwa mkono, ya vitu vya mezani kama chupa, bakuli, matunda au samaki, kwa mtindo wa kubizimu, yaani ule unaoonyesha kitu kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Naupenda mtindo huu na naamini unakaa vizuri mno katika nyumba za kanda ya ziwa. Inaniuma kuona wanunuzi wakiuziwa picha ya kawaida iliyochorwa mistari juu yake na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo yenyewe.

Kwanza, jua unachotafuta

Mtindo huu ulikua Paris kati ya mwaka 1907 na 1914, mikononi mwa Pablo Picasso, Mhispania, na Georges Braque, Mfaransa. Juan Gris, Mhispania mwingine, alijiunga nao baadaye kidogo. Wote watatu walirudi mara kwa mara kwenye meza: gitaa, bilauri, gazeti, kiko, chupa, bakuli la matunda. Walitaka kuonyesha kitu kama anavyokijua mtu aliyekizunguka na kukishika, wakati kamera hukiona kutoka mahali pamoja tu.

Chukua meza yako ya jikoni. Juu yake kuna sufuria, chupa ya chai, kisu, na sato mmoja kwenye sinia. Ukisimama mlangoni unaona ubavu wa sufuria, na mdomo wake ni ukanda mwembamba tu. Ukisogea na kuinama, mdomo unakuwa duara kamili, unaona na masizi na mchuzi uliobaki chini. Mchoraji wa kubizimu anaviweka vyote viwili pamoja: ubavu ulionyooka, na duara zima juu yake. Sinia analiinua lisimame wima ili sato aonekane wote, toka mdomo hadi mkia. Kivuli cha chupa ya chai kinateleza mpaka ndani ya sinia, na hapo mstari uleule wa kivuli unageuka kuwa makali ya kisu. Ukifuata mstari mmoja kwa kidole na kukuta umevuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine bila kukatika, uko mbele ya kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Zipo awamu mbili, na kuzijua kutakusaidia kuchagua. Hadi karibu mwaka 1912 picha zilikuwa za kahawia, kijivu na rangi ya udongo, vitu vimevunjwa vipande vidogo hata inabidi uvitafute. Baada ya hapo vipande vikawa vikubwa, rangi zikarudi, na wachoraji wakaanza kubandika. Mwaka huohuo wa 1912 Picasso alibandika kwenye picha ya meza kipande cha kitambaa cha mpira kilichochapwa mfano wa kiti cha kusuka, akaizungushia kamba badala ya fremu. Braque naye akabandika vipande vya karatasi ya ukutani yenye sura ya mbao. Picha ya awamu ya kwanza inataka mtu akae karibu nayo, kwa hiyo ni ya kona ya kusomea au chumba cha kulala. Ya awamu ya pili inasomeka hata kutoka mlangoni. Kwa sebule yenye madirisha makubwa yanayotazama ziwa, ningechukua ya pili.

Na ukiambiwa kwamba mtindo huu ni wa kigeni mno kwa nyumba ya Mwanza, kumbuka mambo mawili. Picasso aliguswa sana na vinyago vya Afrika, hasa vya magharibi na kati mwa bara, alivyoviona katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, mwaka 1907. Braque naye, kabla ya meza, alichora mwaka 1908 nyumba za L'Estaque, kijiji cha pwani kusini mwa Ufaransa: kuta na paa zimebebana mlimani, moja juu ya nyingine, bila nafasi ya anga. Picha hizo ndizo zilizomfanya mhakiki Louis Vauxcelles aandike kuhusu vijisanduku vya mraba, na jina la mtindo likatokea hapo. Anayepita Mabatini au Igogo na kuinua macho kuangalia nyumba zilivyobanana kati ya mawe hadi kileleni anaielewa picha ya L'Estaque bila kufundishwa.

Pili, upime ukuta kabla ya kwenda kununua

Kosa linalorudiwa ni kununua picha kwanza na kutafuta pa kuitundika baadaye. Chukua futi, pima. Juu ya kochi, picha ikiwa na upana wa karibu theluthi mbili za kochi inakaa vizuri. Lakini usilazimishe ukubwa. Ile picha ya Picasso yenye kamba haifiki sentimita 40 kwa upana, na watu bado wanasimama mbele yake huko Paris. Picha ndogo kwenye ukuta mwembamba kati ya milango miwili inaweza kufanya kazi kubwa kuliko turubai la mita mbili.

Kisha angalia jua. Sehemu kubwa ya mji inatazama ghuba upande wa magharibi, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri mwanga unaingia mara mbili: wa jua lenyewe, na ule unaorudishwa na maji. Ukuta unaokabili dirisha la ziwani ndio unaovutia kutundikia picha, na ndio mbaya kuliko zote. Rangi zinapauka, hasa nyekundu na njano za bei nafuu, na karatasi zilizobandikwa zinageuka manjano. Tumia ukuta wa pembeni, ambao mwanga unaupitia kwa ubavu.

Unyevu ndio adui mkubwa zaidi. Nyumba nyingi za mlimani zimechimbiwa, ukuta wa nyuma umeegemea udongo au mwamba, na masika maji hupenya taratibu hata kama rangi ya ukuta haijaonyesha kitu. Jaribu hivi: kata kipande cha nailoni angavu, kama ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne kisiingie hewa, ukiache siku mbili. Kikiota matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukuta huo usitundike picha mpaka fundi aupatie dawa. Matone yakiwa upande wa nje tu, hiyo ni hewa ya chumba, na kufungua madirisha kunatosha.

Tatu, mtafute mchoraji

Usianzie dukani. Maduka ya mapambo huuza zaidi picha zilizochapishwa. Anza na wachoraji wa mabango na kuta, wale wanaoandika majina ya maduka, wanaochora samaki mbele ya migahawa na kupaka maandishi ubavuni mwa mitumbwi. Sisemi hivi kwa kuwaonea huruma. Braque alitoka kwenye ukoo wa mafundi rangi wa nyumba, akajifunza kazi hiyo kabla hajawa mchoraji wa kwenye majumba ya sanaa. Alijua kupaka rangi ikaonekana kama mbao kwa kuikwangua na kitana maalumu cha fundi, na alijua kupiga herufi kwa kiolezo. Ufundi huo aliuingiza kwenye picha zake, na Picasso akaujifunza kwake. Kwa hiyo fundi wa mabango wa Pamba Road au Igoma anayenyoosha herufi bila rula na kupaka rangi bapa isiyo na mawimbi ana nusu ya kinachohitajika. Nusu nyingine ni kama ana hamu ya kuangalia, na hiyo utaijua ukizungumza naye.

Njia nyingine ni maonyesho, hoteli zinazotundika kazi za wasanii, na walimu wa sanaa wa shule na vyuo, ambao wengi wanachora nyumbani na hawana pa kuuzia. Ukisafiri Dar es Salaam, pita Nafasi Art Space, Mikocheni, ukaone wachoraji wakiwa kazini. Na kama mchoraji wako wa Mwanza hajawahi kuvunja kitu vipande, mwende pamoja makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa. Ngoma, vigoda na vibuyu vilivyopangwa karibu karibu ni meza tayari kwa zoezi.

Mtandaoni nenda kwa tahadhari. Omba picha ya nyuma ya kazi, picha ya ukingo wake kwa karibu, na video fupi mtu akiisogeza kwenye mwanga. Muuzaji anayesita kutuma hivyo vitatu, achana naye.

Nne, ikague picha yenyewe

Hapa usiwe na haraka, na usione haya. Mchoraji mzuri anafurahi mteja akichunguza.

Anza na vitu. Simama hatua nne nyuma, uvitaje kimoja kimoja: hii chupa, hili embe, huu ukingo wa meza, hiki kisu. Baadhi vitachelewa kujitokeza, na hiyo ndiyo raha yake. Lakini kama baada ya dakika tano huoni kitu hata kimoja, au mchoraji mwenyewe akiulizwa anasema ni hisia tu, huna picha ya vitu. Kuna pia tatizo la kinyume. Unakuta chupa imechorwa kikawaida kabisa, imetoka upande mmoja kama kwenye fotografia, kisha mistari ya rula imepita juu yake na kila pembetatu imejazwa rangi yake. Hiyo ndiyo inayouzwa zaidi. Njia ya kuibaini ni kuangalia mdomo wa chupa na kitako chake. Vikiwa vimeonekana kutoka mahali pamoja, na ukifuta mistari kichwani unabaki na picha ya kawaida, basi mistari haikufanya kazi yoyote.

Sasa washa tochi ya simu, uilaze ubavuni mwa picha ili mwanga upite juu juu. Rangi ya mkono ina vimo: brashi ilipoanza, ilipoinuliwa, mahali tabaka moja limekaa juu ya jingine. Picha iliyochapishwa ni tambarare, na ukiikuza kwa kamera ya simu unaona nukta ndogo ndogo. Wapo wanaopaka gundi angavu kwa brashi juu ya chapa ili ionekane ina vimo. Dalili yake ni kwamba mikwaruzo ya brashi inakwenda upande wake na rangi zinakwenda upande wao: brashi imepita katikati ya chungwa na chupa kana kwamba havipo.

Igeuze. Nyuma pana ukweli mwingi. Kanvasi iwe imevutwa sawasawa, isilegee ukiigonga kwa kidole, na rangi isiwe imepenya hadi nyuma, kwani hiyo inaonyesha kwamba hapakupakwa msingi mweupe na kitambaa kitaoza polepole. Angalia mbao za kiunzi. Mbao mbichi zitapinda ndani ya masika moja, na vitundu vidogo vyenye unga laini maana yake wadudu wamo ndani na watahamia kwenye kabati lako.

Baadhi ya kazi nchini huchorwa kwenye ubao mwembamba kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, desturi iliyoenea tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hivyo Dar es Salaam mwaka 1968. Ubao si kasoro. Shida ni mng'ao. Wanyama na maua ya Tingatinga yanaupenda, lakini kubizimu inategemea tofauti ndogo kati ya kijivu na kijivu, na kwenye sebule ya Mwanza mng'ao utakuonyesha dirisha badala ya sinia. Omba rangi isiyong'aa, au vanishi isiyong'aa juu yake.

Kama kuna vipande vilivyobandikwa, gazeti, kanga, karatasi ya unga, pitisha ukucha taratibu kwenye kingo. Zisifunguke. Braque alichanganya mchanga kwenye rangi, na wapo wanaofanya hivyo hapa kwa mchanga wa ziwani. Unapendeza, mradi umeoshwa, na usidondoke ukiutingisha ubao kidogo.

Tano, au agiza yako

Kama bajeti inaruhusu, hii ndiyo njia ninayoisihi. Gitaa, kiko na gazeti vilikuwa mezani mwa wale vijana wa Paris kwa sababu ndivyo walivyokuwa navyo. Mchoraji wa Mwanza akinakili gitaa ambalo hajawahi kulishika, picha inakuwa na ubaridi. Mpelekee vitu vyako: karai la dagaa, kandili, ndoo ya njano, chupa ya chai yenye maua, ndizi kutoka Bukoba, sahani ya bati, redio ya babu. Visizidi vitano. Aviweke mezani, achore rasimu kadhaa za penseli kutoka pande tofauti, na akuonyeshe rasimu kabla ya kugusa kanvasi. Jadilianeni kwenye penseli, maana kubadilisha chupa ikiwa rangi imekauka ni kumwongezea mtu kazi bila malipo.

Rangi zitoke kwenye mazingira pia. Kijivu cha mawe ya Mwanza, kahawia ya udongo na buluu iliyochoka ya boti zinakaa karibu sana na rangi za awali za kubizimu, na hazitagombana na vigae vyako.

Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja: ukubwa, kanvasi au ubao, aina ya rangi, tarehe, bei, malipo ya awali. Nusu mwanzoni na nusu kwenye kukabidhi ni utaratibu wa haki, kwa kuwa yeye ananunua vifaa mapema. Mwulize anavyopanga bei: vifaa kiasi gani, siku za kazi ngapi, fremu imo au haimo. Ukishajua hayo, kuomba punguzo kuwe kwenye ukubwa au fremu, usikate siku zake. Na jua kwamba kununua picha hakukupi haki ya kuichapa kwenye fulana au kalenda. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji isipokuwa mmeandikiana vingine, na kwa swali lolote la hakimiliki ofisi ni COSOTA.

Ukipenda nakala ya Gris au Braque, iwe nakala ya wazi, mchoraji aandike nyuma jina lake na neno nakala. Mtu anayekuuzia "Picasso halisi" mkononi anakudanganya, bila kujali karatasi anazokuonyesha.

Sita, kuisafirisha na kuitundika

Rangi ya akriliki, inayochanganywa na maji, hukauka kwa saa chache. Ya mafuta inaweza kuonekana kavu nje wakati ndani bado, na vanishi yake ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita hadi kumi na miwili. Muulize mchoraji aliimaliza lini. Picha ikitoka Dar es Salaam kwa basi, isifungwe nailoni ikagusa rangi moja kwa moja, maana kwenye joto la buti akriliki hulainika na nailoni huacha alama zake. Tanguliza karatasi safi laini, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili, nailoni iwe ya nje. Ikibidi ikunjwe, iviringishwe kwenye bomba pana, rangi ikiwa upande wa nje ili isibanwe na kupasuka. Ubao hauviringishwi.

Mafundi fremu wamezoea picha za mahafali na harusi, kwa hiyo bila kuambiwa wataweka kioo. Waambie wasiweke. Kioo kikigusa rangi kinashikana nayo, na unyevu unanaswa ndani. Kioo ni cha kazi za karatasi tu, na hapo kiwe na nafasi kidogo kati yake na picha. Fremu iwe nyembamba na ya rangi tulivu. Picha yenye kona nyingi haihitaji nakshi za dhahabu.

Kutundika: katikati ya picha iwe karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, au chini yake iwe sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi. Ukuta wa tofali za saruji utobolewe kwa drili na kuwekwa plagi za plastiki, maana msumari wa zege hupasua lipu. Tumia sehemu mbili za kuning'inizia, na uhakiki kwa pimamaji, kwani kwenye picha yenye mistari ya mshazari jicho halitakuambia kama fremu imeinama. Mwisho bandika vipande viwili vya kizibo nyuma ya kona za chini ili hewa ipite kati ya picha na ukuta.

Saba, kuitunza

Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa mawingu hufuata taa, na wakifa juu ya picha huacha madoa. Usiweke taa ya picha juu ya fremu, na usiku wanapokuja funga madirisha au zima taa ya upande huo. Asubuhi wapanguse kwa brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini. Usitumie kitambaa chenye maji wala sabuni, hata kama doa linaudhi. Doa lililogoma mpelekee mchoraji.

Kila baada ya msimu wa mvua itoe ukutani, angalia nyuma kama kuna ukungu, madoa ya maji au unga wa mbao. Ukungu ukiwapo, iweke picha penye kivuli na upepo mpaka ikauke kabisa, ndipo uupanguse kwa brashi ukiwa nje ya nyumba. Piga picha mbele na nyuma, pamoja na sahihi ya mchoraji, uzihifadhi na risiti na makubaliano yenu. Siku ukihama au kuiuza, mnunuzi atakuuliza hizo karatasi kabla ya kuuliza bei.